Leta Swali la Kufanyia Kazi: Kuwasha Gumzo la Mashujaa na Sayansi Kwenye Simu za Nairobi

Kazi yangu ni kutengeneza simu. Kaunta yangu iko Luthuli Avenue, na jioni nikishafunga, nikiwa ndani ya matatu ya Umoja, ndipo naingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa mashujaa wa katuni, sayansi na hadithi za kisayansi. Kundini mna wanafunzi, makanga, mwalimu wa fizikia, na mama muuza mitumba wa Gikomba anayewajua X-Men kuliko sisi sote. Makundi ya namna hii huanza kwa kishindo, kisha mwezi haujaisha yamejaa matangazo ya mikopo na salamu za asubuhi zenye maua. Letu limedumu, na watu huniuliza tunafanyaje. Naandika kwa yeyote anayeyapenda mambo haya na anatafuta wenzake wa kuyapenda nao.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: usiingie na sifa, ingia na swali ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi. Ukiandika "Spider-Man ni noma", mwenzako atakuwekea emoji ya moto na mazungumzo yameishia hapo. Sifa inamwachia mtu kukubali au kukataa tu. Swali linamfanya atafute kalamu.

Huu ndio mfano ninaoutumia kila tunapopata wageni. Katika toleo la 121 la kitabu cha katuni cha Amazing Spider-Man, la mwaka 1973, Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, anaangushwa kutoka juu ya daraja kule New York. Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguuni kabla hajafika majini. Anamvuta juu akishangilia, kumbe ameshakufa. Karibu na shingo ya binti huyo pameandikwa mlio mdogo, kama wa kitu kilichovunjika. Kwa zaidi ya miaka 50 mashabiki wamebishana juu ya kijisanduku hicho kimoja cha mchoro: aliuawa na kuanguka, au aliuawa na kudakwa?

Sasa ulete ubishi huo mjini kwetu. Mimi huandika hivi: "Jamani, mtu ameanguka kutoka juu ya jengo la KICC. Spider-Man amemnasa na utando zikiwa zimebaki mita 11 afike chini, akamsimamisha ndani ya mita hizo. Atapona?" Basi. Siongezi kitu. Kila mtu Nairobi amewahi kusimama chini ya KICC akakunja shingo kuangalia juu, kwa hiyo kila mtu ana la kusema.

Watu wakishabishana vya kutosha, natoa hesabu. Jengo lile, lililofunguliwa mwaka huohuo wa 1973, lina urefu wa mita 105. Tukiacha upinzani wa hewa, huhitaji kanuni ndefu: chukua umbali alioanguka, ugawanye kwa umbali uliotumika kumsimamisha, kisha ongeza moja. Utapata utando unamvuta kwa nguvu mara ngapi ya uzito wake. Ameanguka mita 94, amesimamishwa ndani ya mita 11. 94 kwa 11 ni 8.5, ongeza moja, 9.5. Alikuwa amefikia kasi ya karibu kilomita 155 kwa saa, na yote hiyo imezimwa kwa nusu sekunde. Kama ana kilo 55, mwili wake umevutwa kana kwamba umebebeshwa zaidi ya kilo 520, tena kwa mguu mmoja, shingo ikining'inia bila kushikwa na chochote.

Lakini tuseme Spider-Man amemwahi mapema, akiwa ameanguka mita 45 tu, na ameuachia utando unyooke taratibu kwa mita 60 zilizobaki. 45 kwa 60 ni 0.75, ongeza moja, 1.75. Hata mara mbili ya uzito wake haifiki. Huyo anatua salama. Kwa hiyo jibu la ubishi wa miaka yote hiyo ni kwamba kudakwa kunaua au kunaokoa kutegemea urefu wa kusimama, na mtu amelipata mwenyewe kwa kugawanya tu.

Halafu naiteremsha hesabu ileile hadi kwenye meza yangu ya kazi. Simu imedondoka kutoka mkononi, tuseme mita moja, ikapiga kigae na kusimama ndani ya milimita moja. Milimita 1,000 kwa 1, ongeza moja: mara 1,001 ya uzito wake. Kioo kitastahimili vipi? Ivishe kava ya mpira inayobonyea milimita tano, inashuka hadi mara 201. Ni makadirio, maana simu huanguka kwa kona na kigae si kama zulia, ila ndiyo sababu nawasihi wateja wangu wanunue kava nene kabla ya kununua kioo kipya. Siku nilipoiweka hesabu hiyo kundini, watu waliokuwa kimya muda wote waliamka. Mmoja akapigia hesabu kofia ya bodaboda. Mwingine akauliza mkanda wa matatu. Tukaenda na mambo hayo hadi usiku, na jina la Spider-Man likawa midomoni muda wote.

Hivyo unapotafuta swali la kuleta, angalia kama lina kitu ambacho mtu anaweza kukiona au kukipima mwenyewe bila vifaa. Hilo ndilo linalomfanya mgeni ajione ni mwenyeji.

Chukua Storm, shujaa wa X-Men anayeamuru hali ya hewa. Ametokea kwenye katuni tangu 1975, na mama yake, kwa mujibu wa hadithi, ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Kwa hiyo kwetu Ororo, maana ndilo jina lake halisi, ni mtu wa nyumbani, na anapigana kwa radi. Masika yakifika tunafanya hivi: mvua ikianza, kila mtu akiwa ndani ya nyumba, mbali na dirisha, ahesabu sekunde kuanzia mwanga wa radi hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja, kwa sababu sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde ilhali mwanga unafika papo hapo. Wa Umoja anaandika yake, wa South B yake, wa Kasarani yake, kila mmoja na saa kamili aliyouona mwanga. Mwalimu wetu anachora duara tatu kwenye ramani, na pale zinapokutana ndipo radi ilipopiga. Ukishafanya hivyo, mwambie mtu kwamba joto ndani ya njia ya radi hufika karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, kama mara tano ya uso wa Jua, halafu umuulize Storm huvaa nguo ya aina gani. Utaona majibu.

Kuna kosa ambalo mashabiki wengi wa hapa hulifanya: wanaongea kana kwamba mashujaa wote walizaliwa Marekani. Ukitaka baba yako, au jirani asiyejua kwamba Marvel ni kampuni ya katuni za Spider-Man, aingie kwenye gumzo, anza na shujaa ambaye tayari anaye. Mimi huanza na Luanda Magere. Kila mtoto wa Kiluo amesimuliwa, na wengi wetu tusio Waluo tumemsoma shuleni: mwili wa jiwe, mkuki haumwingii, mpaka mke aliyetoka kwa maadui alipogundua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Wakakichoma kivuli kwa mkuki, akaanguka.

Swali ninaloleta: kama wewe ndiye kocha wa Luanda Magere, unamwambia apigane saa ngapi?

Hili nalipenda kuliko yote. Wengi watasema usiku, na ni jibu zuri, ila mbalamwezi nayo hutoa kivuli. Wengine watasema siku ya mawingu. Kisha atatokea mtu atakayesema saa sita mchana, na hapo kazi inaanza. Kano, nyumbani kwa Magere karibu na Kisumu, iko karibu kabisa na ikweta. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba jua hupita juu ya utosi, na kivuli cha mtu aliyesimama kinajificha chini ya nyayo zake. Adui atachoma nini? Lakini kufikia kama saa tatu baadaye kivuli kimekuwa kirefu sawa na Magere mwenyewe, na kila dakika inampa adui shabaha kubwa zaidi. Kocha mwenye akili anaanza vita jua likikaribia utosi na anarudisha jeshi mapema.

Mwambie kila mtu atoke nje apime. Nairobi iko kama nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwetu jua hupita utosini siku chache kabla ya tarehe 20 Machi, na tena siku chache baada ya 23 Septemba. Watu watarudi na malalamiko kwamba saa sita kamili kivuli bado kipo. Ni kweli. Saa zetu hufuata mstari wa longitudo 45, ulio mashariki yetu, ilhali sisi tuko karibu na 37. Jua linatufikia kama nusu saa baadaye, kwa hiyo kivuli kifupi kabisa kiko karibu na saa sita unusu. Askari wa jengo moja Industrial Area alitupigia picha ya nguzo ya bendera mchana kutwa, akapanga picha kwa saa, na ile ya saa sita unusu hivi kivuli kilikuwa kimeisha. Hajawahi kufungua kitabu cha katuni maishani. Ni mmoja wa watu wetu hodari sasa.

Kwa watu wa Pwani, anza na Fumo Liyongo, ambaye silaha haikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Utenzi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa ni wa mwaka 1913. Superman alitokea 1938, na lile jiwe la kriptonaiti linalomnyong'onyeza halikuwapo hadi mwaka 1943, lilipoingizwa kwenye mchezo wake wa redio. Uliza kundi: kwa nini shaba, metali laini kuliko chuma? Kwa nini wasimulizi wa Lamu na wa Kano walimpa shujaa wao mlango wa kifo tangu mwanzo? Hapo hata wazee watatuma jumbe za sauti ndefu, na uwaache waseme.

Kuhusu jumbe za sauti: kama unasimulia filamu, msikilize DJ Afro. Sauti yake imejaza vibanda vya video nchi nzima kwa sababu hafasiri neno kwa neno. Anaiona filamu, kisha anaisimulia upya kama mtu aliyekuwa hapo. Nawe usisome muhtasari. Chagua tukio moja, sema ulichokiona, mkono ulikuwa wapi, mlango ulifunguka vipi, kisha nyamaza. Isizidi dakika moja, maana kuna watu wanaonunua bando la shilingi kumi. Picha vilevile: kata kijisanduku kimoja cha mchoro, usitume kurasa nzima, na andika jina la mchoraji, la mwandishi na namba ya toleo. Kama msanii ni wa hapa Kenya, weka pia namba ya Till, ile ya kupokelea malipo kwa M-Pesa, aliyoitangaza mwenyewe. Filamu nzima au kitabu kizima cha wizi hakiingii kundini kwetu, na sioni haja ya kulieleza zaidi.

Suala la kumwaga mtama lina wenyewe. Filamu mpya ikitoka, mmoja ataiona siku ya kwanza, mwingine anangoja wikendi, na wengi wanangoja mshahara. Ndiyo maana sheria yetu haihesabu siku tangu filamu itoke: hakuna kutaja mwisho wa hadithi mpaka mwisho wa mwezi upite na wikendi moja baada yake. Anayeshindwa kujizuia aandike TAHADHARI juu, aache mistari mitupu ya kutosha ili maneno yasionekane kwenye arifa, ndipo aseme. Nadhani hii ndiyo sheria yenye haki kuliko zote tulizo nazo, kwa sababu raha ya mtu anayesubiri mshahara ina uzito sawa na ya aliyeenda jana.

Ubishi wa nani angemshinda nani utakuja tu, usiuzuie. Uulizie masharti. Wanapigana wapi? Batman amepewa muda wa kujiandaa? Superman yuko mchana au usiku, maana nguvu zake hutoka kwenye jua la manjano? Masharti yakishawekwa wazi, matusi hupungua yenyewe, kwa sababu kila mtu ana jambo la kujibu.

Na tafadhali, mgeni asifanyiwe mtihani. Nimeona hasa wasichana wakiulizwa wataje majina ya katuni kumi ndipo waaminiwe kwamba ni mashabiki. Mimi ni mwanamke ninayeshika bisibisi kutwa kwenye barabara ya wanaume, na hili silivumilii. Mgeni akiingia, mwulize tukio gani lilimshika. Akikutajia lolote, hata la katuni za watoto za Jumamosi, una swali la kuanzia.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni uvumi, kwa sababu sayansi ya kweli na hadithi hukaa jirani kwenye simu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500. Kabla ya mtu kuulizia kama kuna aliyeumia, simu zilishajaa wageni wa sayari nyingine na vita vya siri. Tangu hapo tuna desturi: kila ujumbe wa aina hiyo uanze na neno moja kati ya matatu. KWELI, na useme nani amethibitisha. DHANA, kama ni wazo lako. HADITHI, kama unabuni. Chini ya KWELI tuliandika kwamba Shirika la Anga za Juu la Kenya limesema uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Chini ya DHANA tukajadili imekaa angani muda gani. Na chini ya HADITHI, yule mama wa Gikomba akatunga kisa cha fundi wa mji wa Wote aliyeigeuza pete ile kuwa mlango, akakiendeleza jioni baada ya jioni. Kila kitu kilipata mahali pake, na hakuna aliyedanganywa.

Ukizoea kutenganisha hivyo, utagundua kwamba upande wa KWELI una maajabu yanayotosha. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha miale hiyo, huenda ni shimo jeusi. Kijana anayejua majina ya sayari zote za filamu aambiwe hilo, kisha aulizwe kwa nini roketi zinapenda kurushwa karibu na ikweta. Mpe kidokezo: ardhi unayosimama hapa inazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inapewa kasi hiyo bure.

Jambo moja la usalama kabla hujafungua kundi. Ndani ya kundi la WhatsApp namba yako inaweza kuonekana na wenzako wote. Kama mtakuwa na wanafunzi, tumia chaneli, ambako wafuasi hawaonani namba, au Telegram ambako mtu anaweza kutumia jina la kubuni na kuificha namba yake. Mkutane ana kwa ana mahali penye watu wengi, kwa mfano Naiccon, kongamano la wapenzi wa katuni hapa Nairobi, na wadogo waje na mtu mzima wao.

Ukishatuma swali lako la kwanza, usilijibu. Hapo ndipo wengi hukosea: wanauliza, na baada ya dakika mbili wanamwaga jibu. Acha hata hadi kesho jioni. Akitokea mmoja na jibu lililokosewa, mshukuru na umwulize amelipataje, mwingine atalirekebisha. Kama pamekuwa kimya kabisa, tupa namba moja tu, "mimi nimepata 9.5, nani amepata tofauti?", maana watu hupenda kusahihisha kuliko kuanza. Na kama hata hiyo haijashika, liache hilo, ulete jingine Ijumaa jioni, watu wakiwa kwenye foleni ya Jogoo Road na simu mkononi.